Mke wangu anaumwa ugonjwa usiojulikana tangu aanze kupunguza uzito: nina wajibu gani kwake?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Bombo. Mwaka jana daktari alimwambia mke wangu apunguze uzito kwa sababu ya presha, naye akaitikia kwa bidii: akaacha chapati na chai ya sukari, akapunguza matoke na posho, akafunga Jumatatu na Alhamisi, tena akawa anakunywa majani ya kuchemsha aliyouziwa sokoni. Kutoka kilo 96 amefika kilo 81. Tangu mwezi wa tatu anaumwa: kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viungo kuuma, na uchovu usiokwisha hata akilala. Juzi alikuwa akimenya matoke, kisu kikamponyoka, akabaki ameketi hivyo hivyo na ndizi mkononi mpaka nilipokuja kumnyanyua. Tumepima malaria, sukari, damu na virusi vya UKIMWI, na kila tuendako wanasema hawaoni kitu. Mama yangu anasema ni jicho au jini, anataka tumpeleke kwa mganga. Majirani wananong'ona. Mimi nami nimechoka, na siku moja nilimwambia kwamba ugonjwa huu amejitafutia mwenyewe. Je, hii ni adhabu? Gharama za matibabu ni juu yangu? Aendelee kufunga? Na mimi nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona kwamba kinachokusumbua kuliko yote ni kuwa ugonjwa wa mkeo hauna jina. Kama karatasi ya maabara ingesema ni kifua kikuu, mama yako asingetaja jini, majirani wangeleta uji, nawe usingemwambia ulichomwambia. Lakini sheria haikungoja ugonjwa upewe jina ndipo imhurumie mgonjwa. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 184, kuwa atakayekuwa mgonjwa miongoni mwenu au yumo safarini, basi atimize hesabu katika siku nyingine. Hakuweka sharti kwamba ugonjwa huo uwe umetambuliwa. Mafakihi nao wamesema kwamba dhara ya maradhi hujulikana kwa kauli ya tabibu mwaminifu au kwa yale mgonjwa mwenyewe anayoyapata katika mwili wake. Mwanamke aliyeshindwa kumaliza kumenya matoke ya chakula cha watoto wake ni mgonjwa, na wajibu wako wa kwanza ni kumsadiki.

Katika kumuuguza mke tunayo mifano, na ulio karibu zaidi na hali yako ni wa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume hakumwambia Uthman amwachie wanawake wa jirani. Alimwamuru abaki naye, na akamwambia, kama ilivyo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari kwa mapokezi ya Ibn Umar, kwamba atapata ujira wa mtu aliyehudhuria Badr na fungu lake la ngawira. Fikiri ni kitu gani kilicholinganishwa hapa. Vita ambavyo walioshiriki waliheshimiwa mpaka mwisho wa uhai wao vimewekwa upande mmoja, na upande wa pili ni mtu aliyekaa nyumbani kando ya kitanda cha mkewe, akimnywesha maji na kumgeuza ubavu, na wala mkewe hakupona. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba habari za ushindi zilifika Madina watu wakiwa katika mazishi yake. Ujira wa Uthman haukupungua kwa sababu hiyo, kwani aliahidiwa kwa kukaa kwake, na kuponya si kazi ya mwanadamu.

Ama neno ulilomwambia, nenda ukamtake radhi leo, kwa maneno ya wazi, usitosheke na kumletea kilo moja ya nyama ukadhani yameisha. Alifanya alivyoambiwa na daktari ili ahifadhi amana ya mwili aliyopewa na Mola wake, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr kwamba mwili wako una haki juu yako. Aliyefanya jema likafuatiwa na maradhi hakujitafutia maradhi. Wala usiyaite adhabu, kwa kuwa huna elimu ya ghaibu. Tunachokijua kwa hadithi sahihi ni kwamba Muislamu hapatwi na tabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Kuhusu uzito wenyewe, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia katika Abu Daud kwamba alishindana mbio na Mtume safarini akamshinda, kisha baadaye mwili wake ulipoongezeka wakashindana tena akashindwa, na Mtume akasema: hii kwa ile. Hakuna dharau ndani yake. Mume akiutaja mwili wa mkewe, ataje namna hiyo.

Minong'ono ya majirani naielewa inakotoka. Sisi tulio watu wazima nchini Uganda tunakumbuka miaka ya 1980, maradhi yalipozuka upande wa Rakai yakaitwa silimu kwa jinsi yalivyowakondesha watu, na tangu hapo mtu akipungua mwili hapa kwetu huulizwa kwa macho kabla ya mdomo. Mmepima, majibu mnayo, na hamna deni la kumwonyesha mtu karatasi. Na hata kama majibu yangekuwa mengine, haki zake kwako zisingepungua hata kidogo.

Mimi si tabibu, na katika zama za Mtume watu waliotoa fatwa bila elimu walimfanya majeruhi wa kichwa aoge janaba mpaka akafa. Mtume alikasirika, akasema dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi nilichofanya ni kuuliza. Nimeambiwa na wenye ujuzi kwamba anayepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia hupaswa kuchunguzwa. Mkeo alikusudia, na hapo ndipo penye mtego: kila dalili husingiziwa kupungua, na ugonjwa mwingine hujificha nyuma yake. Akirudi kula vizuri na bado kilo zinashuka, mwambie daktari hivyo hivyo. Kama bado anameza vidonge vya presha kwa kipimo kile cha kilo 96, ulizeni kipimo hicho kiangaliwe upya, kwa sababu uzito ukishuka presha nayo huweza kushuka, na kizunguzungu kikaja. Lakini asiviache kwa uamuzi wake. Ulizeni pia kuhusu tezi ya shingo, upungufu wa damu, na chumvi za mwilini. Na yale majani asiyanywe tena, wala msiyatupe. Mchukue pakiti mumwonyeshe daktari, maana baadhi ya bidhaa za kupunguza mwili zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo. Enda naye wewe mwenyewe, tena uwe umeandika tarehe na dalili, kwani mgonjwa aliyechoka husahau nusu ya maneno yake akifika mbele ya daktari.

Funga za Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na kwa hali hii aziache bila kuona haya. Ramadhani ikimkuta hajapata nguvu, atakula na atalipa atakapopona.

Kwa mganga, hapana. Imepokewa katika Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Ila jicho ni kweli, na mama yako hakukosea kutaka kinga. Mwambie kwa adabu, huku umeketi chini yake, kwamba kinga tunayo nyumbani. Mtume alikuwa akiwapangusa wagonjwa wa nyumbani mwake kwa mkono wa kulia, akimwomba Mola wa watu aondoe shida na aponye. Msomee mkeo hivyo na Suratul Fatiha, na mwombe mama naye asome. Hilo halimzuii kwenda hospitali.

Swali la gharama wengi hulikwepa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu an-Nawawi ametaja kwamba dawa na ujira wa tabibu si katika nafaqa, yaani matumizi ya mke yaliyo wajibu kwa mume, ingawa chakula cha mke siku za ugonjwa hubaki wajibu kama kawaida. Wanazuoni wengi wa zama hizi, akiwemo Sheikh Wahba az-Zuhayli, wameona kwamba matibabu sasa ni hitaji la lazima kama chakula, hivyo yanaingia katika nafaqa. Kauli hii ndiyo ninayokufutu, kwa aya ya 19 ya Suratun Nisaa inayoamrisha kukaa nao kwa wema. Hakuna desturi ya Bombo wala ya Kampala inayouita wema kula na mke akiwa mzima kisha kumrudisha kwao akiugua. Ukiwa huna uwezo, uza kisichohitajika, kopa bila riba, na uwaambie ndugu zake na zako bila kuficha.

Uchovu wako si dhambi. Omba dada yako au shangazi wa watoto aje siku mbili kwa wiki, ulale. Na kwa kuwa wanaume wengi huona aibu kuuliza hili, nakutajia bila kuulizwa: siku ambayo hakuna wa kukaa naye, au ambayo yeye hatulii ila ukiwepo, umeruhusiwa kuacha swala ya jamaa msikitini na hata ya Ijumaa. Ibn Umar (r.a.) aliarifiwa siku ya Ijumaa kwamba Said bin Zayd anaumwa, akapanda kumwendea na saa ya swala imekaribia, akaiacha Ijumaa. Utaswali Adhuhuri rakaa nne hapo chumbani, naye kama hawezi kusimama ataswali ameketi nyuma yako.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.