Ngano Iliyochelewa Kupandwa Hukosa Nini?

SWALI: Mbegu ni ileile, mbolea ileile, ila kipande kilichopandwa wiki tatu baadaye kimetoa punje zilizosinyaa. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa ni tarehe. Ngano iliyochelewa huumia mara mbili. Kwanza hukosa muda wa kuchipua: mche wa mapema hutoa vichipukizi kadhaa pembeni, na kila kinachokomaa hubeba suke, uliochelewa hukimbilia kurefuka ukiwa na kimoja au viwili tu. Pili, na hapa ndipo punje zako ziliposinyaa, siku za kujaa punje huangukia kwenye joto. Punje hujaa vizuri joto la wastani likiwa nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Likipanda, kipindi cha kujaa hufupika na majani hukauka kabla hayajamaliza kuilisha punje, hivyo wanga unaoingia ni mdogo. Likivuka nyuzi 30 wakati wa kuchanua, chavua huharibika na suke hubaki na mapengo. Hapo hata mbolea haisaidii.

SWALI: Basi nipande mapema kadiri ninavyoweza?

JIBU: Hapana. Ngano ya mapema mno huwakuta vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakiwa wengi, nao hueneza virusi vya kudumaza mimea. Hustawi kupita kiasi, ikasongamana na kulala chini. Baya zaidi, suke likichanua kwenye jalidi, yaani baridi ya kugandisha, hugeuka jeupe, halina kitu ndani.

Hesabu kurudi nyuma. Tafuta kipindi ambacho jalidi imekwisha na joto kali halijaanza. Hicho ndicho cha kuchanua. Kisha toa siku ambazo aina yako huchukua kutoka kupandwa hadi kuchanua. Kama ni 70, panda siku 70 kabla. Muuza mbegu asiyejua idadi hiyo, mimi ningemtilia shaka. Jihadhari pia na aina za majira ya baridi: zisipopata wiki kadhaa za baridi zikiwa changa, hubaki nyasi tu, bila masuke.

SWALI: Mvua imechelewa. Nifidie vipi?

JIBU: Badili aina kwanza, chukua ya muda mfupi. Halafu ongeza mbegu, kwa kuwa masuke yatatoka kwenye shina kuu zaidi kuliko kwenye vichipukizi. Zidisha idadi ya mimea unayotaka kwa mita ya mraba na uzito wa punje 1,000 kwa gramu, kisha gawanya kwa asilimia ya mbegu zinazotarajiwa kuota shambani. Mimea 250, punje 1,000 zenye gramu 40, uotaji asilimia 80: kilo 125 kwa hekta. Ukichelewa ukataka mimea 350, ni kilo 175.

Usifukie zaidi ya sentimita 5 kwa kufuata unyevu. Mche hutoka umechoka, na siku nyingine zimepotea. Mbolea ya kukuzia usiizidishe, maana vichipukizi vya kuitumia ni vichache.