Jemadari hodari, mpenzi asiyejua njia

Swali lenu la wiki hii: ni hadithi gani ya kale inayochanganya vita na mapenzi bila kupamba kimojawapo? Kwangu ni Tirant lo Blanch, iliyoandikwa kwa Kikatalani na Joanot Martorell wa Valencia kuanzia mwaka 1460, ikachapwa huko huko mwaka 1490. Ina sura 487, basi msiianze mkiwa na haraka.

Tirant, jemadari wa hadithi hii, hushinda vita kwa hesabu na hila kuliko kwa upanga. Kisiwa cha Rhodes kilipozingirwa na watu wake kushikwa na njaa, alinunua meli, akaijaza ngano Sisili, akapenya katikati ya maadui mpaka bandarini. Akiipigania dola ya Konstantinopoli, aliachia farasi majike usiku kwenye kambi ya Waturuki. Madume wakakata kamba na kambi nzima ikavurugika, ndipo akashambulia. Ikumbukwe kwamba Konstantinopoli yenyewe, Istanbul ya leo, ilikuwa imeanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1453. Martorell anaikomboa kwa wino.

Vita vya heshima navyo Martorell mwenyewe alivijua. Mwaka 1437 alimwandikia binamu yake, Joan de Monpalau, barua za kumtaka wapigane mpaka kufa, akidai binamu huyo alimwahidi ndoa Damiata, dada yake Martorell, kisha akamgeuka. Akaenda hadi Uingereza kumwomba mfalme awe mwamuzi. Pambano halikufanyika.

Turudi kitabuni: mbele ya Carmesina, binti wa kaisari, Tirant hana mbinu. Anashindwa kutamka anampenda nani, anampa kioo na kumwambia ampendaye yumo humo. Plaerdemavida, kijakazi mcheshi kuliko wote kitabuni, anamwingiza kitandani kwa binti. Kelele zinazuka, Tirant anateremka dirishani kwa kamba isiyofika chini, anavunjika mguu. Baadaye mjane mwenye wivu anampangia vioo ili aone bustanini mchezo wa uongo: Plaerdemavida aliyevaa barakoa ya Lauseta, mtunza bustani mweusi, akimpapasa Carmesina. Vitani Tirant asingeamini habari bila kutuma mpelelezi. Hapa anaamini papo hapo na kumuua Lauseta asiye na hatia. Kitabu kinapita haraka mno juu ya maiti hiyo, na kwangu ndilo doa lake kubwa.

Mwisho wake si wa uwanja wa vita. Tirant anaugua njiani, anaandika wosia, anakufa. Carmesina anamfuata kwa uchungu. Kiti cha enzi kinamwangukia Hipòlit, jamaa yake Tirant, aliyekuwa hawara wa malkia, mama yake Carmesina, na sasa anamuoa.