Uliza Nesi: Wodi tupu kwenye klipu, hospitali imejaa kwenye taarifa, tumwamini nani?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kipindi cha korona hospitali zetu zilielemewa kuliko watu walivyoambiwa. Weee! Barua zikamiminika. Wengine mmenitukana kwa ustaarabu, wengine bila ustaarabu, hizo za pili nimeziweka pembeni. Nimechagua zile zenye swali ndani yake.

Shikamoo anti nesi. Hapa kijiweni tumebishana juu ya makala yako mpaka kahawa ikapoa. Mimi Mei 2020 nilikuwa naendesha boda, napita hospitalini kila siku kushusha watu, nakwambia geti limetulia, parking tupu, mapokezi hamna foleni, mpaka nikarekodi klipu nikairusha kwenye grupu la ukoo. Halafu kipindi hicho hicho ubalozi wa Marekani unatangaza eti hospitali nyingi za Dar zimezidiwa. Sasa anti, hospitali inazidiwaje na benchi liko tupu? Mi naona tulipigwa changa la macho, kama sio na wazungu basi na nyie wenyewe mnaovaa nyeupe. – *Mbishi wa Tandika*

Marahaba mwanangu. Klipu yako naiamini, tena naiamini kabisa, maana na mimi nilikuwa ndani ya hizo kuta na nakumbuka jinsi mapokezi yalivyokuwa kimya. Ila jiulize kwanini palikuwa kimya. Watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe, mwenye presha kakaa nyumbani, mwenye kisukari karuka kliniki, mama mwenye mtoto wa homa kaenda duka la dawa. Ndugu wa kuja na hotpoti walizuiwa. Operesheni zisizo za haraka zikasogezwa mbele. Halafu kuna hospitali kama Amana iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona, kwahiyo yule mtu wa kawaida aliyezoea kwenda pale kwa malaria akaelekezwa kwingine. Sasa wewe unashusha abiria getini, simu yako inaona benchi. Wodi ya waliotengwa iko nyuma huko, hakuna dereva wa boda anayeruhusiwa kufika na simu mkononi, na hata ungeruhusiwa nisingekushauri.

Na wala hukuwa peke yako. Mwisho wa Machi 2020 Marekani kwenyewe walikuwa na mchezo huo huo, watu wanaenda kurekodi maegesho ya hospitali na kurusha mtandaoni kwamba ona, hakuna mtu, uongo mtupu. Wiki hiyo hiyo hospitali ya Elmhurst pale Queens, New York, walikufa watu 13 ndani ya masaa 24. Maegesho hayalazi mgonjwa.

Sasa nije kwenye hilo neno kuzidiwa, maana hapa ndo ugomvi wote ulipo. Watu wanahesabu vitanda. Kitanda ni chuma na godoro, hicho hata kanisa linaweza kukupa hamsini kesho asubuhi. Mgonjwa wa korona aliyebanwa mapafu anataka gesi. Chukua ule mtungi mkubwa kabisa, unabeba kama lita 6,800, mgonjwa mahututi wa kwenye barakoa ya oksijeni anavuta lita 15 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, haufiki masaa manane umeisha. Mgonjwa mmoja anakula mitungi mitatu kwa siku, na halali siku moja, anakaa wiki, saa ingine wiki mbili tatu. Weka wagonjwa kumi wa hivyo, tayari unahitaji mitungi thelathini kila siku, na gari la kuileta, na kiwanda cha kuijaza ambacho siku hiyo hiyo kinapigiwa simu na hospitali zingine zote za mji. Ndo maana Manaus kule Brazil, Januari 2021, watu walikufa wamelala kwenye vitanda vizuri tu, gesi imeisha mji mzima.

Ukishapata gesi unataka mtu. Mgonjwa wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, anataka nesi wake, ukizidisha sana nesi mmoja wagonjwa wawili. Afu manesi nao wanaugua. Kwenye shifti yetu mkikohoa wawili mkapelekwa nyumbani, wodi imebaki na vitanda vile vile na mashine zile zile lakini imeshajaa, hata kama wagonjwa hawajaongezeka hata mmoja. Waingereza walilijua hili kwa gharama kubwa, Aprili 2020 walifungua hospitali ya dharura ya Nightingale kwenye ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, London, imepangwa iweze kufika vitanda 4,000. Wimbi la kwanza lote walilaza wagonjwa 54. Hospitali zingine za London zinahema, ile kubwa iko nyeupe, kwasababu manesi wa kuhamishia kule hawakuwepo. Mabasi yamejaa stendi, madereva hamna.

Ila una hoja moja nakupa. Namba za mwisho tulizopewa mwaka ule zilikuwa za mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509, vifo 21, baada ya hapo kimya. Tarehe 3 mwezi huo marehemu Rais Magufuli akiwa Chato alishasema maabara ya taifa imepima papai na mbuzi ikatoa majibu kwamba wana korona, na mkuu wa maabara akasimamishwa. Siku kumi baadae ndo ubalozi ukatoa ile taarifa yako, serikali ikaja juu, kaimu balozi akaitwa. Huyu anasema zimezidiwa bila kutaja vitanda vingapi, yule anasema hali shwari bila kutaja vitanda vingapi. Katikati uko wewe na simu yako. Mtu akinyimwa namba atatumia macho, na macho yako yaliishia getini. Sikulaumu wewe, nawalaumu waliokuacha hapo getini.

Anti, swali fupi. Ile nyungu tuliyojifukiza mpaka ngozi ikababuka ilisaidia au tulikuwa tunachemsha majani bure? – *Mjukuu wa Bibi, Morogoro*

Mvuke unalegeza mafua, unajisikia mwepesi, basi. Kirusi kiko ndani kwenye mapafu, mvuke wa kukiua kule chini ungekuua wewe kwanza. Na nimefunga vidonda vya watoto waliomwagikiwa sufuria chini ya blanketi, hilo mbona hamlitaji kwenye mabishano yenu.

Shikamoo mama. Mimi sijui kama hili ni swali. Februari 2021 baba alianza kubanwa kifua usiku. Hospitali ya kwanza, ya binafsi, wakataka hela ya kutanguliza ambayo hatukuwa nayo. Ya pili wakasema hakuna kitanda, na kaka yangu anaapa aliona vitanda vitupu kwa macho yake. Ya tatu wakampokea lakini gesi ilikuja jioni na alfajiri akafariki. Cheti kimeandikwa nimonia. Mpaka leo mashangazi wanasema tungemwacha nyumbani tukamnunulia mtungi wetu angepona, na kwamba hospitali ndo ilimmaliza. Mama nisaidie, tulikosea? – *Binti wa Marehemu, Kimara*

Marahaba mwanangu, pole sana, pole na mama yako pia kama yupo.

Hapana, hamkukosea. Huo mtungi wanaousema mashangazi ni ule ule niliopigia hesabu hapo juu. Mngenunua mmoja, tena kwa bei ya mwezi ule ambayo ilikuwa ya kuruka, angepumua masaa machache halafu mngekuwa barabarani saa nane usiku mnatafuta wa pili, bila kipimo cha kidoleni cha oksijeni, bila mtu wa kujua aongeze au apunguze. Ugonjwa huu ulikuwa na tabia mbaya sana, mtu anaongea, anacheka, anaomba chai, kumbe oksijeni kwenye damu imeshashuka chini ya asilimia 85 wakati mtu mzima anatakiwa awe na 95 kwenda juu. Familia inaona mzee yuko vizuri tu, kachoka kidogo. Akija kubanwa waziwazi kama baba yako alivyobanwa usiku ule, kashachelewa na hakuna aliyemchelewesha kwa makusudi.

Kaka yako nae aliona kweli vitanda. Nimeshaeleza kwanini kitanda kinaweza kuwa kitupu na bado kisiweze kupokea mgonjwa, ila yule aliyewajibu alipaswa asimame dakika mbili awaambie hivyo, "kitanda kipo, gesi hakuna, kimbilieni sehemu fulani", badala ya kuwafungia mlango na neno moja. Hilo ni kosa letu sisi watoa huduma na wala halihitaji hela kulirekebisha. Kwa ile iliyotaka malipo kwanza wakati mtu anakata roho, malalamiko yanayomhusu daktari yanapelekwa kwa maandishi Baraza la Madaktari Tanganyika, ya nesi yanaenda Baraza la Uuguzi na Ukunga, hata kama muda umepita andika, weka tarehe na jina la kituo.

Kuhusu cheti, miezi ile kila msiba ulikuwa nimonia kali au changamoto ya upumuaji. Maalim Seif mwenyewe, Makamu wa Kwanza wa Rais kule Zanzibar, chama chake kilitangaza wazi kwamba ana korona, akafariki tarehe 17 Februari 2021, na ilionekana kama ujasiri wa ajabu kusema tu jina la ugonjwa. Mashangazi wanailaumu hospitali kwasababu karatasi haikuwaambia kilichomuua ndugu yao, na mtu lazima alaumu kitu.

Assalaam aleikum bi nesi. Mimi ni muuza viazi karai na bhajia, Kisauni. Mume wangu kila akiona maski yangu ya zamani kabatini anaanza, ati kafyu na kufungiwa Mombasa kulikuwa ni kututia njaa bure, hospitali hazikujaa ng'o. Mimi nasema hazikujaa kwa sababu tulifungiwa. Nani amemshinda mwenzake? – *Mama Bhajia*

Waaleikum salaam dada yangu. Nyote wawili mna haki, na najua hilo jibu halitakuletea amani nyumbani.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Watafiti wa huko walipohesabu walikuta nchi nzima ina vitanda 537 vya ICU na mashine za kupumulia 256, na kati ya kaunti 47 ni 22 tu zilizokuwa na ICU hata moja. Kwa hesabu hiyo hungoji mpaka zijae ndio uanze kuzuia watu, kwasababu anayeambukizwa leo anafika ICU wiki mbili baadae, ukifunga siku imejaa umeshachelewa wiki mbili. Tatizo la kinga ndo hilo, ikifanya kazi hakuna kinachoonekana na mumeo anasema si mnaona hakukutokea kitu. Lakini mimi nawe hatuwezi kumthibitishia kwamba ilikuwa kafyu na sio mambo mengine, kama umri wa watu wetu ambao wengi ni vijana, kwahiyo hapo usimbane sana.

Anapopatia ni kwenye namna ilivyofanywa. Siku ya kwanza ya kafyu, 27 Machi 2020, watu wanakimbilia feri ya Likoni wawahi nyumbani kabla ya saa moja jioni, askari wakawarushia vitoa machozi. Ugonjwa wa mapafu, umati umebanana, wote wanakohoa na kujifuta macho kwa mikono, yani ukiambiwa upange njia ya kusambaza korona usingepanga vizuri zaidi ya hapo. Na Mji wa Kale ulipofungwa Mei, mtu wa kipato cha siku kwa siku akae ndani ale nini? Mwambie mumeo hasira yake iko sawa, aielekeze kwenye virungu, hospitali aiache.

Nesi, zile hela za Uviko si zilijenga madarasa? Vitanda vya ICU viko wapi? – *Mlipa Kodi, Dodoma*

Madarasa 15,000 ndio, kwenye ule mpango wa Oktoba 2021 wa shilingi trilioni 1.3. Ila fungu la afya lilikuwepo, ICU zimejengwa, mitambo ya kuzalisha oksijeni imefungwa kwenye hospitali ambazo zamani zilisubiri lori. Ukipita hospitali yenu usiulize vitanda, uliza mtambo unazalisha mitungi mingapi kwa siku, nani anautengeneza ukiharibika, na usiku ICU inabaki na manesi wangapi. Mashine inanunuliwa mwezi mmoja, nesi wa ICU humpati dukani.

Shikamoo. Sisi huku Biharamulo, Januari 2025, WHO, Shirika la Afya Duniani, wakasema kuna Marburg, ule ugonjwa wa kutoka damu, wizara ikasema vipimo vyote safi, haikupita wiki Rais Samia akasimama na mkuu wa WHO Dodoma akathibitisha mgonjwa yupo. Ikitokea tena tumsikilize nani siku hizo za katikati? – *Mwalimu, Kagera*

Marahaba mwalimu. Siku hizo za katikati fanya kama upo. Marburg haisubiri tamko, inapita kwenye damu, matapishi, jasho, na sana sana kwenye kuosha maiti. Kwahiyo msiba ukitokea wa mtu aliyeharisha na kutoka damu, msimwoshe wenyewe, piga 199, ni bure, wakija wakakuta sio Marburg mmepoteza nusu siku. Shuleni weka ndoo ya maji tiririka na sabuni, usiwafukuze watoto wa familia yenye mgonjwa bila kuongea na mganga wa wilaya, maana ukiwafukuza familia inayofuata itamficha wa kwao. Na ukipewa taarifa yoyote, ya wizara au ya WHO, angalia kama imetaja sampuli ngapi zimepimwa na maabara ipi. Hiyo ya Januari iligeuka ndani ya siku sita.

Barua za chanjo nimeziona, ziko nyingi na zina hasira, zinakuja toleo lijalo.