Mbwa wa sungura kwenye kwale: yaliyonikuta na Mbigili

Nilipewa Mbigili na mtu aliyekuwa anahama mji. Akaniambia, "Huyu ni mbwa wa kuwinda." Hakuniambia wa kuwinda nini, nami sikuuliza, nikidhani kuwinda ni kuwinda. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuijua tofauti, na ndiyo nataka nikuonyeshe wewe unayefikiria kumchukua mbwa wa aina hii kwa ajili ya kwale na kanga.

Mbigili ni beagle, kambwa kafupi ka Kiingereza kenye masikio yanayoning'inia kama jani la mgomba lililonyauka. Jina nililitaja mara moja tu mtaani kwetu hapa Tanga, watoto wakasikia "mbigili", na kwa vile siku hiyohiyo alirudi kutoka vichakani manyoya yamejaa mbigili kweli, likamganda.

Waingereza waliwafuga mbwa hawa wamfuate sungura, wakiwa kundi, na wawindaji nyuma kwa miguu. Ndiyo maana kimo chake hakizidi sana sentimita 40 na uzito ni kilo 10 hivi: mbwa anayefuatwa kwa miguu hatakiwi awe na mbio za farasi. Pua iko chini, mkia uko juu, na ncha ya mkia ni nyeupe ili umwone kwenye majani marefu. Akishika harufu analia. Habweki kama mbwa wa getini. Anavuta sauti ndefu, kama mtu anayeita mashua ng'ambo ya mto. Sauti hiyo ndiyo iliyowafanya majirani wanichukie, na ndiyo iliyonifundisha kuwinda naye.

Mbwa wa ndege wenyewe ni wengine. Yuko pointa, ambaye akimnusa ndege anasimama kama kinyago, mguu mmoja hewani, mpaka ufike. Yuko spanieli, anayezunguka karibu na wewe akiwaibua. Hao wanafuata zaidi harufu iliyo hewani. Beagle anasoma ardhi, unyayo baada ya unyayo. Ukimtaka asimame kama pointa utazeeka unamsubiri.

Lakini sasa waangalie ndege wetu. Kanga ni ndege wa miguu. Ukimkaribia haruki, anakimbia, na kundi zima linafuatana kwenye vijia kama wanafunzi waliochelewa kengele. Kwale naye ni hivyohivyo, yule mwenye shingo nyekundu anayepiga kelele asubuhi kwenye mikonge ya zamani: anajificha, anatembea, anajificha tena, na anaruka pale tu anapoona hana njia. Mbwa anayesimama akionyesha kidole mahali alipokuwa kwale dakika moja iliyopita, kwale mwenyewe keshafika Muheza. Mbwa anayefuata nyayo anakwenda naye hatua kwa hatua mpaka anamlazimisha aruke. Hapo ndipo mbwa wa sungura anapopata riziki yake.

Tatizo ni umbali. Bunduki ya marisau inafanya kazi yake vizuri mpaka mita 30, labda 35 mikononi mwa anayejua. (Bunduki si yangu, ni ya mjomba wangu, na kibali kina jina lake. Mimi kazi yangu mbwa.) Beagle akiachwa afuate moyo wake atamwibua kwale mita 100 mbele, na ninyi mtabaki mnaangalia mbawa. Miezi yetu ya mwanzo ilikuwa hivyo. Mjomba alikuwa anakaa juu ya kichuguu, anawasha sigara, ananiambia, "Mwanangu, mbwa wako anawinda peke yake. Sisi amekuja nasi kwa adabu tu."

Dawa niliyoipata ni kamba. Kamba nyepesi ya mita 10, imefungwa kwenye mkanda wa shingoni, inaburuzwa nyuma yake. Huishiki muda wote, unaikanyaga anapozidi. Ukiikanyaga, piga filimbi mara moja, subiri ageuke, mpe kipande cha dagaa. Filimbi, kugeuka, dagaa. Wiki sita nilifanya hivyo asubuhi na jioni, kwanza uwanjani, kisha kwenye majani mafupi, mwisho porini. Nasisitiza dagaa kwa sababu beagle hakutii kwa mapenzi. Pointa utampapasa kichwa naye akafurahi. Huyu anataka malipo taslimu. Na usimpige kwa kuchelewa kurudi, maana atajifunza kwamba kurudi ndiko kunakoleta kipigo.

Harufu ya ndege nilimfundisha kwa bawa. Ukipata kwale, kata bawa, lifunge kwenye uzi, liburuze kwenye umande mita 20, kisha 50, kata kona, na mwishoni lifiche na zawadi pembeni. Sauti ya bunduki nayo mzoeshe polepole: mimi nilianza na mfuniko wa sufuria kwa mbali wakati anakula, nikasogea siku hadi siku. Aliyeanza kwa kufyatua risasi juu ya kichwa cha mtoto wa mbwa asishangae akimkuta chini ya kitanda.

Halafu kuna sungura. Hapa nitakuwa mkweli: hutamfuta sungura moyoni mwa beagle. Unachoweza ni kuijua sauti. Akiwa kwenye kwale, Mbigili anatoa vilio vifupi vyenye kukatikakatika, kwa sababu ndege anasimama na kugeuka. Akipata sungura, sauti inanyooka na kwenda mbali bila kituo. Nikisikia imenyooka napiga filimbi palepale, kabla hajashika kasi. Nikichelewa, basi.

Siku moja nilichelewa. Ilikuwa upande wa barabara ya Pangani, kwenye shamba la mkonge lililoachwa mpaka likawa pori, na nadhani alikuwa amepata paa. Sauti ikaenda, ikaenda, ikawa kama mbu, ikapotea. Tulimtafuta mpaka Magharibi. Kabla ya kuondoka mzee mmoja mchoma mkaa akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniambia, "Vua shati, liweke hapo ulipomfungulia. Usilifue, liache na jasho lako." Nikavua. Nikarudi mjini kwenye pikipiki kifua wazi, watu wanacheka. Alfajiri nilipofika, nilimkuta Mbigili amejikunja juu ya lile shati, umande mgongoni, jicho la kushoto limefumba. Mwiba wa jani la mkonge ulikuwa umemchoma pembeni ya jicho, kidogo tu uifikie mboni. Tangu siku hiyo simfungulii ndani ya mistari ya mkonge. Nampitisha kingoni, ndege watoke wenyewe.

Ukiwa na kundi la kanga, tumia hila nyingine. Wakibanwa na mbwa anayelia, wengi wao hurukia mtini, wanakaa pale wakimtazama mbwa chini na kumtukana kwa lugha yao. Macho yao yote yako kwa mbwa. Hapo wewe unatembea taratibu kutoka upande wa pili. Kwa kazi hii mbwa mwenye sauti anamshinda mbwa mtaalamu aliye kimya, na ndiyo siku pekee ambayo mjomba aliwahi kumsifu Mbigili mbele za watu.

Wengi huniuliza juu ya mbwa wengine wa kunusa. Baseti ana pua nzuri kuliko wote niliowaona, lakini miguu mifupi na mwili mzito kwenye joto letu la pwani ni mateso, saa mbili asubuhi keshalala kivulini. Mbwa wa mbio wanaowinda kwa macho waache, kwenye vichaka vyetu hawaoni kitu. Basenji, yule wa Kongo asiyebweka, kwao hufungwa njuga shingoni ili mwenye wavu ajue alipo. Hiyo ya njuga nimeiiba, namfunga Mbigili moja ndogo kwenye majani marefu anapokuwa kimya. Kwa maoni yangu, mbwa bora kwa Tanga ni mtoto wa beagle na mbwa wetu wa kienyeji. Ninaye mmoja, jike. Pua imepungua kidogo, ila hachoki na jua, na ukimwita anakuja.

Suala la dini lazima nilitaje, maana sisi tunaishi na watu. Mbwa wa kuwinda si sawa na mbwa wa kuchezea sebuleni. Sura ya Al-Maida katika Kurani, aya ya 4, imehalalisha kile wanachokukamatia wanyama uliowafundisha, ukitaja jina la Mwenyezi Mungu, na mafundisho ya Mtume yameweka wazi kwamba mbwa akila katika windo, amejikamatia mwenyewe, usile. Kwa hiyo kumfundisha asile si adabu tu. Kwa beagle, ambaye angekula hata ndala yako, hiyo ni kazi kubwa kuliko zote. Mimi nilimaliza kwa kutomruhusu aokote kabisa: ndege akianguka nakanyaga kamba, naenda mwenyewe na kisu, namuwahi angali hai. Vyombo vya mbwa viko nje, mate yakigusa kitu tunaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Majirani walipoona hivyo kelele zao zikapungua. Zilizobaki ni za usiku, na hizo wana haki.

Sasa ya serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, hata kama mwenye shamba la karanga amekupigia magoti kwamba kanga wanamfukulia mbegu. Kuhusu kuingia porini na mbwa, nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, uliza, na upate jibu kwa maandishi kabla hujamfungua. Ukivuka Mto Pangani kwenda kusini kumbuka Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na mbwa anayefuata harufu hasomi mabango ya mpaka. Mimi huko siendi naye kabisa. Na masika, ndege wanapolalia, tunakaa nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kutokwenda huko: mbung'o. Ugonjwa wanaoueneza unaua mbwa wa kigeni haraka. Homa, kukonda, na jicho kuingia ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukiona ukungu huo usisubiri Jumatatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ileile. Kupe nao wanapenda masikio hayo marefu. Kila tukirudi, kabla ya chai, nakaa kibarazani nimempakata kichwa, nageuza sikio kama mtu anayekagua noti, nawatoa mmoja mmoja, pamoja na mbegu za majani zilizoingia ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, bila mjadala. Na tunatoka alfajiri tu: umande unashika harufu, na jua la pwani likishapanda, mbwa anayehema ulimi nje hanusi tena, anatafuta pumzi.

Chakula chake ni ugali wa dona, dagaa, na utumbo uliochemshwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu beagle hana neno "nimeshiba". Mnene hawezi kupita kichakani wala kustahimili joto. Mimi nampima kwenye mizani ya muuza mkaa kila mwisho wa mwezi, ndani ya gunia, watu wamejaa kuangalia. Akizidi kilo 12 nampunguzia ugali, naye anakaa mbele ya mlango wa jikoni wiki nzima, ananitazama kama nimemdhulumu mirathi ya baba yake.