Maswali ya wasomaji: Jua likizidi uwezo wa jani

SWALI: Miche yangu ya nyanya ilistawi vizuri kivulini. Siku mbili baada ya kuihamishia juani, majani yalipata mabaka meupe, ingawa udongo una unyevu. Kama jua ndilo linaloupa mmea nguvu, mbona limeiunguza?

JIBU: Jani halichagui kiasi cha mwanga. Klorofili, rangi ya kijani ya jani, hunasa fotoni (chembe za mwanga) na kufikisha nishati kwenye kiini cha mfumonuru, mtambo wa protini unaoanzisha usanisinuru, kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kazi inayofuata ndiyo ya kobe: Rubisco, kimeng'enya kinachoshika kabonidayoksaidi, hushughulikia takribani molekuli 3 tu kwa sekunde. Jua la adhuhuri hufikia mikromoli (kipimo cha idadi ya chembe) 2,000 hivi za fotoni kwa mita ya mraba kila sekunde. Majani ya mimea mingi hushiba kwenye nusu ya kiasi hicho au chini yake. Yaliyokulia kivulini hushiba mapema zaidi.

Nishati iliyokosa kazi ndiyo hatari. Klorofili huipitishia oksijeni, na oksijeni hiyo iliyochachamaa huharibu protini ya D1 katika mfumonuru wa pili, mmoja wa mifumonuru miwili ya jani. Jani lililozoea jua lina kinga. Ndani ya dakika chache asidi hupanda kwenye thilakoidi (vifuko vyenye klorofili), rangi ya manjano iitwayo violazanthini hugeuzwa kuwa nyingine, zeazanthini, na nishati ya ziada hutolewa kama joto. Kloroplasti, sehemu za seli zenye vifuko hivyo, nazo husogea kwenye kuta za pembeni za seli ili zisipigwe na mwanga moja kwa moja. Na D1 iliyoharibika huondolewa, mpya ikawekwa, kutwa nzima. Jani la kivulini lina zeazanthini na Rubisco kidogo lakini mitambo mingi ya kunasa mwanga, hivyo likitolewa juani ghafla uharibifu huuzidi ukarabati.

Ili ujue kwamba si kiu, inua jani lililolalia jingine. Kama ni jua, utakuta umbo la jani la juu limebaki kijani kwenye la chini, kingo zake dhahiri kabisa. Kiu hunyausha mmea mzima.

Mabaka hayaponi, lakini usiyakate majani hayo. Sehemu ya kijani bado inafanya kazi. Irudishe miche kivulini, kisha uipe jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, ukiongeza saa moja au mbili kila siku, kwa siku 7 hadi 10. Majani mapya yatachipua yakiwa manene zaidi, na hayo ndiyo ya kutegemea. Jihadhari na asubuhi zenye baridi na jua kali: baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya, unasaji wa mwanga haupungui.

SWALI: Naambiwa taa za kukuzia mimea lazima ziwe za bluu na nyekundu kwa sababu mwanga wa kijani hautumiki. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Klorofili a iliyoyeyushwa kwenye etha hunasa zaidi mwanga wa nanomita 430 na 662, lakini jani si chupa ya klorofili. Mwanga wa kijani hugongagonga ndani ya jani mpaka sehemu kubwa yake hunaswa, tena hufika tabaka za chini ambako mwekundu hufika kwa shida. Taa nyeupe inafaa. Ukinunua, tazama mikromoli kwa sekunde. Lumeni, kipimo cha mwangaza kinachoandikwa kwenye taa za kawaida, hufuata jicho la binadamu.

SWALI: Wingu likifunika jua, jani huacha kutupa nishati ya ziada kama joto papo hapo?

JIBU: La. Kinga ile ya zeazanthini huzimika taratibu, kwa dakika kadhaa, na muda wote huo jani hutupa nishati ambayo sasa linaihitaji. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliongeza jeni tatu kwenye tumbaku ili kinga izimike haraka. Shambani, uzito mkavu wa mimea hiyo uliongezeka kwa takribani asilimia 15.