Shirika la ndege kwa ruble moja?

SWALI: Mhariri mambo? Kuna jamaa hapa kijiweni anasema Urusi kulikuwa na shirika kubwa la ndege likapangiwa bei ya ruble moja, yaani hata pipi hupati. Nimembishia mpaka chai imepoa. Ni kweli au kamba? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli, umeshindwa, mlipie chai.

Shirika lenyewe ni Transaero. Safari yake ya kwanza ilikuwa Novemba 1991, Moscow kwenda Tel Aviv, Umoja wa Kisovyeti wenyewe bado haujavunjika, sasa hebu fikiria kufungua shirika binafsi kipindi kile. Mwanzilishi ni Alexander Pleshakov, baadaye mkewe Olga akawa bosi, halafu mama yake Alexander, Tatyana Anodina, alikuwa mkuu wa kamati inayochunguza ajali za ndege kwenye nchi za Kisovyeti za zamani. Hapo kwenye familia mimi huwa nakuna kichwa kidogo, lakini tuendelee.

Likakua kweli, likanunua na kukodi madege makubwa, Boeing 747 na 777, likawa linabeba Warusi wanaoenda kuota jua Uturuki, Misri na Thailand, na 2014 lilibeba abiria zaidi ya milioni 13, mbele yake Aeroflot tu. Mpaka Airbus A380 nne waliagiza, hazikufika hata moja.

Shida sasa, tiketi wanauza kwa ruble tena bei ya kutupa ili ndege ijae, ila kodi ya ndege wanalipa kwa dola. Nyie mliopanga fremu kwa dola huku mnauza kwa shilingi mnanielewa. Mwanzoni mwa 2014 dola ilikuwa kama ruble 33, Septemba 2015 imefika kama 66, na Warusi wengi wameahirisha safari za nje. Deni likafika kama ruble bilioni 250 ukihesabu na ndege za kukodi.

Ndo Septemba hiyo Aeroflot, shirika la serikali, wakakubali kuchukua asilimia 75 na hisa moja juu, kwa ruble moja. Siyo zawadi hiyo, maana unabeba na deni. Dili likafa, mwenye S7, shirika jingine la ndege la Urusi, naye akajaribu kulinunua akashindwa, na tarehe 26 Oktoba 2015 leseni ya kuruka ikafutwa.

Kwa hiyo ile ruble moja, mwambie jamaa yako, hakuna aliyeilipa.