Nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni? Hapana

Kaka, usifunge. Seti ya nailoni inavuta kwa jumla karibu kilo 40, ya chuma ya kawaida inafika 70 na ushee. Gitaa la nailoni halikuundwa kubeba mzigo huo, na mengi hayana hata chuma ndani ya shingo.

Mimi nilifunga nikiwa Majengo, Moshi. Wiki ya pili, usiku, nikasikia "paa!" ukutani. Asubuhi kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kilikuwa kimebanduka na kipande cha mbao ya kifua. Fundi alibandika kwa gundi ya mbao, lakini sauti haikurudi.

Kinachowachanganya watu ni zile nyuzi tatu nene: zinang'aa kama chuma, kumbe ni nailoni iliyozungushiwa waya mwembamba. Angalia zile tatu nyembamba. Zikiwa za plastiki na kwenye kile kibao cha chini zimefungwa kwa fundo, basi gitaa ni la nailoni. Dukani sema "nyuzi za klasiki".

Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, haiharibu kitu, ila litalia kinyonge.